Mtoto wa Paka na Sanduku la Mchanga

Watoto, mwajua ya kuwa Maniema ni nchi ya mpunga. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani pamoja na Waungwana walifika Nyangwe na Kasongo, wakaja na mpunga, na tangu siku hizo watu wa nchi hii wanaupanda, wanauvuna, wanautwanga na kuula. Basi, penye mchele pana panya. Siku magunia yanapoingia nyumbani, usiku uleule panya hupata habari. Hutoboa gunia, hula kidogo na kukojolea mengi, na mchele waliokojolea haufai tena. Ndiyo sababu watu wengi wa Kindu, wa Kasuku na wa Mikelenge, na hata wa ng'ambo ya Lualaba katika Alunguli, hupenda kuwa na paka nyumbani.

Lakini paka haanzi kazi siku ile anayoletwa. Huletwa angali mdogo kama ngumi ya mtu, na kabla hajakamata panya hata mmoja, amekwisha kukojoa nyuma ya magunia. Mama anasikia harufu. Anatafuta huku na huku, anasogeza gunia, anaona. "Mtupeni huyu! Nilitaka mlinzi wa mchele, kumbe nimeleta mharibifu wa pili!" Hivyo watoto wa paka hutupwa penye soko au kando ya reli, wakafa kwa njaa au kwa mbwa. Si kwa sababu walikuwa wabaya. Hakuna mtu aliyewaonyesha mahali pa kwenda.

Kumwonyesha si kazi kubwa. Mtoto wa miaka tisa aweza kuifanya vizuri kama mtu mzima, na pengine kumpita, kwa kuwa mtoto hukaa na paka wakati mwingi. Lakini lazima ajue mambo machache, na la kwanza ni kumjua paka mwenyewe.

Paka wa nyumbani ametoka kwa paka-mwitu, ambaye wataalamu humwita kwa Kilatini Felis lybica. Mnyama huyu ana rangi ya mchanga na michirizi hafifu, naye hukaa katika nchi za majani na nchi kavu, katika Afrika na katika Mashariki ya Karibu. Hapendi msitu mzito. Miaka kama 10,000 iliyopita, watu wa Mashariki ya Karibu walianza kulima ngano na shayiri na kuweka akiba. Panya walikuja penye akiba ile, na paka-mwitu wakawafuata panya. Hakuna aliyewaleta kwa kamba. Walikuja wenyewe kwa ajili ya chakula, wakazoea watu kidogo kidogo. Katika kisiwa cha Kupro wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la miaka 9,500 hivi, ambamo mtu amelazwa na paka karibu naye. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Basi magunia yetu ya Kindu si jambo geni kwa paka. Ni kazi yake ya zamani sana.

Pamoja na kazi hiyo, paka alirithi desturi nyingine kutoka kwa wazee wake wa porini. Akitaka kwenda haja hutafuta mahali penye mchanga au udongo laini, huchimba kishimo kwa mkono wake, hukaa juu yake, kisha hugeuka, hunusa na kufukia. Mbwa hafanyi hivyo, wala mbuzi, wala kuku. Kwa nini paka hufukia? Wataalamu wengi husema kwamba hufanya hivyo ili kuficha harufu yake, adui asijue kwamba yuko karibu na makao yake. Paka ni mwindaji, lakini ni mwindaji mdogo. Yeye pia huwindwa na wanyama wakubwa kuliko yeye.

Sasa fahamuni jambo hili, kwa maana kazi yote inasimama juu yake. Hatuwezi kumfundisha paka kuchimba na kufukia, kwani anajua tangu kuzaliwa. Sisi twamfundisha jambo moja tu: mahali. Akiona katika nyumba yako mahali pamoja penye mchanga mkavu, pasipo kelele, pasipo harufu mbaya, atapachagua mwenyewe. Asipoona mahali kama hapo, atachagua majivu ya jikoni, au makapi nyuma ya kinu, au nguo zilizotupwa chini. Ukimkuta hapo usiseme, "Paka huyu hana akili." Ametafuta kitu laini cha kuchimba, akakipata.

Je, aanze akiwa na umri gani? Tumtazame mama yake. Mtoto wa paka huzaliwa kipofu, na macho yake hufumbuka baada ya siku saba hadi kumi na nne. Katika majuma matatu ya kwanza hawezi kwenda haja peke yake. Mama yake humlamba tumboni na chini ya mkia, na kwa kulambwa huko mkojo na mavi hutoka, na mama huvila vyote. Msicheke! Kwa njia hiyo kitanda cha watoto hubaki kikavu, bila harufu ya kumwita adui. Ndiyo sababu paka mwenye watoto wachanga chini ya kitanda hawachafui nyumba. Pengine mama yao akifa, mtu anayewalea hao yatima lazima afanye kazi ya ule ulimi: kila baada ya kuwapa maziwa, awapanguse polepole kwa kitambaa laini kilicholowa maji ya vuguvugu, mpaka wakojoe. Asipofanya hivyo watakufa, hata kama wanashiba.

Kutoka juma la tatu au la nne mtoto huanza kutembea vizuri, naye huanza kukwaruza udongo. Humfuata mama yake na kunusa mahali anapokwenda. Huo ndio wakati wake wa kujifunza. Kwa hiyo mtoto wa paka aliyekaa na mama yake mpaka mwisho wa juma la nane, na mama huyo anatumia mchanga, atakuja kwako amekwisha kujua nusu ya somo. Lakini watu wetu wana haraka. Huwanyakua watoto wa paka wangali na majuma matano, miguu inatetemeka, kisha hushangaa kwamba wanalia usiku kucha na kuchafua kila pembe. Jirani akikuahidi mtoto wa paka, mwambie, "Mama, asante sana, nitamngoja." Kungoja majuma matatu si shida kubwa.

Kabla hajafika, tengenezeni sanduku lake. Si lazima kununua kitu. Sanduku la mbao lafaa, beseni kuukuu lafaa. Sanduku la karatasi ngumu lafaa kwa siku chache tu, kwa maana mkojo hulilowesha likaoza. Kitu kizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni bidoni la mafuta ya mawese la lita 20 lililokwisha kutoboka. Mkubwa mmoja alikate kwa urefu, ubavu mmoja utolewe, nalo litakuwa kama mtumbwi mdogo. Upande mmoja upunguzwe mpaka kimo cha vidole vinne, ili mtoto aweze kupanda bila taabu. Ukingo uliokatwa usuguliwe juu ya jiwe mpaka usiwe mkali tena. Oshwa kwa sabuni na maji ya moto mara nyingi, mpaka harufu ya mawese itoke yote, kwani penye harufu ya chakula paka hatafukia kitu.

Ndani ya sanduku tutie nini? Katika Kindu tuna mchanga wa Lualaba, na hakuna anayeuuza kwa paka. Uchoteni kando ya mto, mahali ambapo watu hawajisaidii, mwuchekeche ili mawe na vijiti vitoke, kisha mwuanike juani mpaka ukauke kabisa. Wakati wa mvua, ambapo hakuna kitu kinachokauka, uwekeni juu ya bati kuukuu penye moto na kuugeuza kwa kijiti kama mtu anayekaanga karanga. Moto huua mayai ya minyoo na viroboto. Msichote ile mchanga-vumbi iliyo chini ya nyumba au chini ya mti wanapolala mbuzi, kwa maana mara nyingi funza wamo. Paka hupata funza miguuni kama watu, naye hana mtu wa kumtoa kwa sindano.

Wengine hutumia unga wa msumeno unaoanguka chini ya meza ya seremala. Huo pia ni mzuri, ukiwa mkavu. Lakini mimi napenda makapi ya mpunga. Penye kinu cha kukobolea yanalundikana kama kilima, na mwenye kinu hufurahi ukimpunguzia. Ni mepesi, hayagharimu kitu, hukauka upesi, na mtoto mdogo aweza kubeba gunia zima kichwani bila kuchoka. Ubaya wake ni mmoja: hushika manyoya, na paka huyatembeza nyumbani. Yapepeteni vizuri kwa ungo kabla ya kuyatumia. Mkiacha chenga za mchele ndani yake, panya watakuja kula katika choo cha paka, jambo la aibu kwa paka yeyote.

Majivu matupu hayafai. Watu wengi huyatumia kwa sababu yako karibu, lakini fikirini: wazee wa nchi hii walichoma majani ya majini, wakamimina maji juu ya majivu, wakachuja, wakapata chumvi yenye ukali. Majivu yakilowa mkojo hutoa ukali wa namna hiyo, nao huuma miguu ya mtoto wa paka. Baadaye hujilamba miguu, na ulimi huuma pia. Tena hutoka na majivu miguuni na kuandika safari zake zote juu ya mkeka na juu ya kitanda.

Jambo hilo la alama za majivu lilimtajirisha mtu mmoja. Katika mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, Marekani, aliishi kijana aitwaye Edward Lowe, aliyekuwa akifanya kazi na baba yake ya kuuza unga wa msumeno, mchanga, na udongo mkavu wa kunywesha mafuta yaliyomwagika viwandani. Jirani yake alikuwa na paka. Ilikuwa wakati wa baridi kali, mchanga wake ulikuwa umeganda nje, akatumia majivu, na nyumba yote ikajaa alama nyeusi za miguu. Akaja kwa Lowe kuomba mchanga. Lowe akampa udongo ule mkavu. Baada ya siku chache jirani akarudi kutaka mwingine. Lowe akatia udongo katika mifuko kumi, akaupeleka dukani. Mwenye duka alisita: nani atanunua udongo kwa ajili ya paka, na mchanga ni rahisi hivi? Lowe akamwambia, basi, uwape watu bure. Watu wakautumia, kisha wakarudi na fedha mkononi. Kutoka mifuko ile kumi biashara yake ikakua hata akawa tajiri sana, na leo maduka ya nchi nyingi huuza udongo wa paka kwa kilo. Sisi tuwaachie. Mto wetu unapita karibu.

Tieni mchanga au makapi kimo cha vidole vitatu. Mtoto akichimba asigonge chini ya bidoni. Kisha chagueni mahali. Pasiwe karibu na sahani yake, kwa maana paka hapendi kula karibu na choo, kama wewe usivyopenda. Pasiwe njiani, watu wanapopita na ndoo za maji. Pasiwe mahali ambapo kuku au mbwa atamshtua. Pembe ya nyumba nyuma ya mlango yafaa, au chini ya kitanda. Msihamishe sanduku leo hapa, kesho pale. Na msiliweke katika chumba cha magunia mkidhani kwamba litamzoeza kulinda mchele!

Siku anapofika, msimwachie nyumba nzima. Kwake nyumba ni kubwa kama msitu, atapotea, na haja ikimshika hatakumbuka sanduku liko wapi. Afungiwe katika chumba kimoja, pamoja na maji, chakula, kitambaa cha kulalia na sanduku lake, kwa siku tatu nne. Mpelekeni sanduku kabla ya kitu kingine chochote. Mwekeni ndani polepole, na wewe ukwaruze mchanga kwa kijiti mbele yake. Usimshike mikono na kumchimbisha kwa nguvu. Wengi hufanya hivyo, nao humtisha tu. Mara hiyo atadhani sanduku ni mahali pa kukamatwa.

Halafu shikeni saa zake. Mtoto wa paka ana saa tatu zilizo karibu hakika: anapoamka, anapomaliza kula, na anapokwisha kucheza. Kila mara mojawapo ikifika, mchukue, mweke sandukuni, kaa kimya mbali kidogo. Akitoka bila kufanya kitu, mwache atoke. Baada ya dakika chache mrudishe. Katikati ya saa hizo tazama ishara. Anaacha mchezo ghafula, ananusa chini, anazunguka mahali pamoja, anakwaruza mkeka, anainama nyuma. Hapo huna wakati wa kumaliza neno. Mchukue upesi lakini bila kelele, mpeleke. Akifanya sandukuni na kufukia, mwambie maneno matamu, mkune chini ya kidevu, au mpe kipande kidogo cha ndakala. Siku ya kwanza atakosea, siku ya pili pia. Mara nyingi kabla juma halijaisha anakwenda mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja ataniuliza, "Na akikosea, nimpige kidogo?" Hapana, wala kidogo. Na ile desturi ya kumshika shingo na kumsugua pua katika mkojo wake, iacheni kabisa. Mnafikiri anaelewa nini? Alikojoa asubuhi, wewe umeona saa sita. Yeye hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Anachojua ni kwamba mtu huyu amekuja na kumwumiza bila sababu. Tena hata ukimkuta palepale akikojoa na ukampiga, hatasema moyoni, "Ni vibaya kukojoa juu ya mkeka." Atasema, "Ni hatari kukojoa mbele ya watu." Basi mara nyingine atatafuta mahali pa siri, na mahali pa siri kuliko pote nyumbani mwenu ni wapi? Nyuma ya magunia. Fimbo moja imewapotezea gunia zima.

Akikosea, fanyeni hivi. Okoteni mavi kwa jani au kwa karatasi na kuyatia sandukuni, ili pua yake imwambie kwamba choo kiko kule. Kisha ondoeni harufu palipochafuka, kwa maana pua ya paka yasikia harufu ambayo kwetu imekwisha toka, na harufu ile humrudisha. Penye saruji osheni kwa sabuni na maji ya moto, kisha kwa siki au maji ya ndimu. Mkeka uoshwe na kuanikwa juani siku nzima. Penye sakafu ya udongo maji hayatoshi. Chimbeni udongo uliolowa, vidole viwili kwenda chini, mwutupe chooni, mzibe kwa udongo mpya na kuupiga. Msitumie dawa ya kusafisha yenye amonia. Mkojo wenyewe ukikaa hutoa harufu ya namna hiyo, na paka atadhani paka mwingine amekojoa hapo.

Chakula pia chahusika. Watu humpa mtoto wa paka maziwa ya unga wakidhani wanamtendea mema. Wengi wao maziwa hayo huwaharisha, na mtoto anayeharisha hawezi kungoja mpaka afike sandukuni, hata angependa. Akiacha kunyonya apewe maji safi, na samaki aliyechemshwa bila chumvi nyingi wala pilipili, miiba imetolewa, pamoja na ugali au wali kidogo. Apewe kwa saa zilezile kila siku. Anayekula kwa saa, huenda haja kwa saa, na kazi yako inakuwa nyepesi.

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko mengine, nanyi mkalisome mbele ya wazazi. Sanduku lisafishwe kila siku. Sisemi hivyo kwa ajili ya harufu tu, ingawa paka mwenyewe akiona sanduku chafu hulikataa na kurudi penye mkeka. Nasema hivyo kwa ajili ya ugonjwa. Yuko mdudu mdogo sana, asiyeonekana kwa macho, aitwaye toksoplasma. Aligunduliwa mwaka 1908 huko Tunis na huko Brazil, lakini ni mnamo mwaka 1970 tu wataalamu walipohakikisha kwamba paka ndiye anayetoa mayai yake. Paka humpata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye mdudu huyo. Kisha, kwa muda wa juma moja mpaka matatu, hutoa mayai mengi sana katika mavi, naye mwenyewe anaonekana mzima, anacheza, anakula.

Watu wengi wakimpata mdudu huyu hawasikii kitu, au wanapata homa ndogo. Lakini mama mwenye mimba akimpata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, mdudu aweza kumwingia mtoto aliye tumboni. Mimba yaweza kutoka, au mtoto azaliwe na ugonjwa wa macho au wa ubongo. Kwa hiyo mama mwenye mimba asiguse sanduku la paka. Kazi hii ni yenu, ninyi watoto wakubwa wa nyumba. Ikiwa hakuna mwingine kabisa, mama avae glavu au mifuko ya nailoni mikononi, na kunawa kwa sabuni.

Hapa kuna jambo la kushangaza linalotusaidia. Mayai hayo yakitoka leo, leo hayana nguvu. Yanahitaji siku moja mpaka siku tano nje, katika hewa na joto, kabla ya kuweza kumdhuru mtu. Mnaona basi maana ya neno "kila siku"? Anayesafisha asubuhi na jioni anayatoa kabla hayajaiva. Anayengoja Jumamosi anayapa siku zote yanazohitaji.

Safisheni hivi: kwa kijiko cha bati kilichowekwa kwa kazi hiyo tu, toeni mavi na ule mchanga ulioshikamana kwa mkojo. Mtupe katika choo cha shimo. Msitupe mtoni, watu wanapochota maji, wala katika bustani ya mboga. Ongezeni mchanga kidogo. Mara moja kwa juma mwageni mchanga wote, mwoshe bidoni kwa maji yanayochemka, mlikaushe juani. Halafu nawa mikono kwa sabuni, chini ya kucha pia. Na mdogo wako anayetambaa asifike penye sanduku, kwani mtoto wa umri huo hutia kila kitu kinywani.

Lakini msirudi nyumbani na kumtisha mama hata amtupe paka. Mdudu huyu hupatikana pia kwa kula nyama isiyoiva vizuri, na kwa kula mboga mbichi isiyooshwa, au kwa kushika udongo na kula bila kunawa. Mwenye kuiva nyama yake na kuosha mikono yake anajilinda kuliko yule aliyefukuza paka na kubaki na mikono michafu.

Itatokea pengine kwamba paka aliyekwisha kujifunza aanza tena kuchafua nyumba. Msiseme kwamba amegeuka mwovu; tafuteni sababu. Je, sanduku limehamishwa? Mmebadili mchanga kuwa makapi kwa ghafula? Kubadili kunafaa, lakini changanyeni kidogo kidogo kwa siku kumi. Je, paka wa pili ameletwa? Paka wawili hawapendi sanduku moja, kila mmoja apewe lake. Je, ni dume aliyefika miezi sita au zaidi, anayesimama na kurusha mkojo ukutani? Huyo hakusahau somo. Anaandika mipaka yake, na dawa yake ni kuhasiwa na mganga wa wanyama. Mpelekeni huku akichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia huupata na kuwapa watu kwa kuwauma. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika kumi na tano, kisha uende kwa mganga siku ileile.

Ishara moja haingoji. Paka dume akienda sandukuni mara kwa mara, akilia, akikakamaa, na hakuna mkojo unaotoka, njia yake imezibika. Bila msaada aweza kufa katika siku moja au mbili. Wengine huona hivyo wakasema amefunga choo, wakampa mafuta. Tazameni mchanga: kama ni mkavu, ni mkojo, wala si choo.

Paka akifika miezi mitano, na mna lupango lililozungukwa na ua, mwaweza kumtoa nje kidogo kidogo. Sogezeni sanduku kila siku kadiri ya hatua moja kuelekea mlangoni. Mkilirukisha mara moja kutoka chini ya kitanda mpaka uani, atabaki akilitafuta chini ya kitanda. Likifika nje, liwekwe chini ya upenu, mvua isiliingie, kwa maana paka hachimbi matope. Chagueni pembe moja ya lupango, mbali na kisima na jiko, mlime udongo uwe laini, mchanganye na mchanga uliotoka sandukuni. Atanusa, atajua. Na kwa sababu paka hawezi kupambanua udongo mliomlimia yeye na udongo ambao mama amelimia lengalenga, funikeni matuta ya mboga kwa matawi yenye miiba mpaka miche ishike ardhi.